Dakika Kumi na Mbili

Saa kumi na moja na nusu jioni, na giza limeshaingia kitambo.
Hapa Hull, Novemba haibishi hodi.
Navua viatu vya kazini mlangoni, koti linachuruzika,
na kabla ya salamu, kabla hata ya kukaa,
nateleka sufuria.

Jiko lina macho manne. Matatu yamekufa.
Mwenye nyumba anasema wiki ijayo, tangu Pasaka.
Bibi yangu alikuwa akisema figa moja haliinjiki chungu.
Bibi, njoo uone jicho moja
linavyoinjika ndoa, mtoto na deni la umeme.

Kitunguu kimoja. Saumu naziponda kwa kitako cha kikombe.
Mafuta, chumvi, nyanya za kopo la bei ya chini kabisa,
lile lisilo na picha.
Halafu tambi, kavu, ndefu; nazivunja kati, kah!
maana sufuria ni fupi
nami sina muda wa kuzibembeleza zilale.
Maji juu yake, vikombe vitatu na robo.
Hapa hakuna maji ya kumwagwa:
yataingia yote, yatanywewa yote,
na yakibaki kidogo yatakuwa mchuzi.

Kwetu tambi zilikuwa jambo la Idi:
sukari, zabibu kavu, nyumba nzima ikinukia hiliki.
Nilipomwambia mama kwa simu kwamba huku nazitia nyanya
alinyamaza mpaka nikadhani salio limekwisha.
Kisha akauliza, "Na hiliki?"
Basi naitia. Punje moja, nimeipasua.
Sudi hajawahi kuitambua.
Tatu huisaka kwa uma, akaiweka ukingoni mwa sahani
kama jino lililong'oka.

Dakika kumi na mbili, pakiti inasema.
Dakika kumi na mbili ndizo nilizo nazo na mume wangu.
Mimi natoka kuwaogesha wazee wa watu,
yeye anakwenda kiwanda cha biskuti hadi alfajiri,
na baina ya povu la kwanza na maji kukauka
ndipo tunapooana upya kila siku.
Anashuka ngazi, shati kaligeuza nje ndani,
anachukua mwiko, anakoroga asichoombwa kukoroga.
Barua ya shule. Soksi. Mkopo wa kaka yake.
Jana tuligombana dakika tisa,
tatu zilizobaki tukazitumia kupatana.
Kuna siku hatusemi kitu, bega kwa bega,
mvuke unatulowesha nyuso kana kwamba tumelia.

Nyuma ya mlango mita inakula pamoja nasi,
yenyewe imeanza zamani, haingoji bismillahi.

Mshika saa ni Tatu, ana miaka minane.
"Bado tano!" anatangaza, penseli sikioni,
hesabu za sehemu zimetandazwa mezani.
"Bado mbili!"
Tukila, tunakula sufurianina humo,
nyuma tatu, mikono mitatu, sahani moja tu ya kuwekea hiliki;
si kwa mila, ni kwa kuchoka kuosha vyombo,
ingawa mila, nadhani, ilianza hivyohivyo.
Ukoko una mwenyewe. Ukoko ni wa anayeondoka.

Leo Sudi alikuwa juu anatafuta kitambulisho
na mimi nimegeuka kuchukua chumvi.
Kwenye kioo cha dirisha, kilichotiwa weusi na usiku,
nikamwona Tatu amesimama juu ya kiti,
amebeba kikombe kwa mikono miwili,
anamimina maji baridi sufuriani
polepole, yasilie.
Povu likanywea. Tambi zikatulia.
Akashuka, akaketi, akaandika kitu kwenye daftari.
"Bado ngapi?" baba yake akauliza kutoka ngazini.
Akaitazama saa. Akanitazama mimi.
"Bado kumi na mbili."

Waswahili husema haraka haraka haina baraka,
na mimi kila jioni nimekuwa nikibishana nao.
Basi la kiwandani halimngoji mtu.
Nilijua.
Nikanyoosha mkono
nikapunguza moto.