Barafu Kooni

Mimi Somoe Chinguile, muuza barafu za ukwaju na ubuyu,
mwezi wa sita siuzi.
Newala mwezi wa sita ni sweta na kanga mbili,
ukungu unapanda kutoka Shimo la Mungu
kama mvuke wa sufuria iliyosahauliwa mekoni,
na friza langu linanguruma bure, linakula umeme.

Asubuhi ile ikaja helikopta ya kukodi, ya chama,
ndogo, viti viwili, tumbo la kioo kama chemli,
kupuliza salfa kwenye mikorosho iliyoanza kutoa maua.
Watoto wa shule wakaacha foleni ya uji.
Rubani, Mwakatobe, kijana wa Tukuyu,
alikuwa amenunua barafu kwangu jana yake,
mteja wa pekee wiki nzima.
"Baridi hii kwetu ni mchana," akasema,
akaivunja kwa meno.

Ilipita mara nne. Mara ya tano,
ikishuka taratibu juu ya shamba la Nangumbi,
ilikohoa.
Sikuwa na neno lingine, na mpaka leo sina:
ilikohoa kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki,
kisha nikasikia mapanga peke yake yakikata hewa,
fwap, fwap,
kisha majogoo.

Mwili haujafika Mtwara, baraza limekwisha kukaa.
Likapo akasema mafuta yamechakachuliwa.
Nangumbi akasema waya wa umeme,
na umeme wenyewe haujafika shambani kwake,
mwaka wa sita huu anaulalamikia.
Wengine walitaja jina la mtu, kwa sauti ya chini.
Silirudii hapa.

Mkaguzi alikuja siku ya nne
na viatu visivyojua mchanga wetu.
Alichota mafuta kwenye chupa, akayainua juani: safi.
Waya hakuuona.
Akasema: barafu.
Watu wakacheka. Kisha wakageuka, wote,
kunitazama mimi.

"Si ya kwake," akasema.
"Fumbeni midomo, pulizeni viganjani."
Tukapuliza, watu wazima na mvi zetu. Baridi.
"Sasa achameni."
Joto.
Pumzi ile ile.
Koo la injini, akasema, ni mdomo uliofumbwa.
Rubani akipunguza moto ili ashuke, linabana zaidi,
hewa inapita kwa kuminywa, inapoa,
na ukungu wenu huu ukiingia humo unaganda.
Kuna kishikio cha kuvuta joto.
Kilikutwa hakijavutwa.

Nikauliza, hiyo barafu yenyewe iko wapi?
"Iliyeyuka, mama, kabla hamjafika."
Na alichoandika kwenye karatasi
kilianza na neno *huenda*.

Mimi nilimwelewa. Kila Ijumaa nakwangua friza kwa kijiko.
Ile barafu ya kwenye kuta sikuitia mimi,
imeingia na hewa,
kila mtoto alipofunua kifuniko akichagua rangi.

Lakini mkono, kwa nini haukuvuta?
Labda macho yalikuwa kwenye ncha za mikorosho.
Labda chama kinalipa kwa ekari,
na ukungu ulikuwa umemla saa mbili nzima.
Labda baridi haimtishi mtu anayeitafuna.
Mkaguzi hakuuliza hayo,
au aliuliza, na nafasi ya kuandikia ilikuwa nyembamba.

Mama yake alifika Jumapili, basi mbili na usiku mmoja.
Alitaka kuona mahali. Tukamwonyesha:
mikorosho mitatu iliyokatika vichwa,
salfa ya manjano chini, kama unga uliomwagika.
Akaja kukaa kwenye benchi langu, kando ya friza.
Sikumwambia kwamba alinunua moja.

Nikampa uji. Ulikuwa wa moto.
Nikafumba midomo niupulize, kama ninavyompulizia mjukuu,
nikasita,
nikauweka mezani upoe wenyewe.