Kilo Tisa na Robo

Nilipewa daftari kwa sababu nilichelewa mkutanoni.
Vyeo vilikuwa vimekwisha: Morven mwenyekiti,
Fergus wa jukwaa, Anoushka wa mabango.
Kikabaki cha mizani.
Wakasema, wewe utapima taka.
Nimevuka mabara,
nimelipa ada inayomkosesha mjomba usingizi,
nije Dundee kupima taka!
Nikakubali. Mizani yenyewe ilikuwa nzuri.

Aprili, Jumamosi, saa nne asubuhi.
Upepo wa mto Tay haubishi hodi.
Uliingia hemani, ukapekua kila meza,
ukatoka na bango letu hadi uwanja wa hoki,
watu wanne nyuma yake
kama wanaofukuza kuku wa sikukuu.

Fergus akapanda baiskeli ya kusagia juisi.
Alipiga pedali mpaka masikio yakawa bitiruti
kama bitiruti iliyokuwa ikisagwa.
Ikatoka nusu glasi.
Akampa mtoto wa mhadhiri;
mtoto akaonja, akairudisha kwa adabu.

Mkuu wa kitivo akafungua tamasha.
Alinena juu ya kesho, juu ya wajukuu, juu ya barafu,
akapigiwa makofi, akapanda gari,
viti vinne vitupu vikimsindikiza.
Hilo sikuliandika.
Daftari langu lilikuwa la uzito tu.

Kwenye meza ya viraka nilishika zamu ya saa moja.
Kijana wa uhandisi alileta soksi
yenye dirisha kisiginoni.
Anajua hesabu za madaraja,
hajui kupitisha uzi tunduni mwa sindano.
Nikaanza kumwambia usipoziba ufa,
methali ikanikwama nusu, kwa lugha yao haiendi.
Nikamwonyesha: juzi tundu hili lilikuwa kunde,
leo limau,
wiki ijayo utavaa shingo ya soksi peke yake.
Akacheka. Akashona mwenyewe, vibaya, ikashika.

Sambusa mia za dengu zilipotoka
kila mtu aliyapenda mazingira.
Kufika saa saba mchana
mapenzi yalikwisha pamoja na sinia.

Jioni Bi Jessie Rattray alipita na kikokoteni chake,
yeye husafisha jengo la sayansi.
Akafunua pipa letu la kijani, akatia mkono,
akatoa kikombe. “Hiki si cha humu.”
Akatoa kingine.
Na kingine.
Sisi wanachama tumesimama
kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni.
Hakutuhubiria. Zamu yake ilikuwa haijaisha.

Tukachambua upya, kwa mikono, nikapima.
Kilo tisa na robo.

“Andika tisa,” akasema Morven, “nani atajua?”
Mvua imeanza, ana mtihani Jumatatu,
hajala tangu alfajiri, na mimi nampenda Morven.
Lakini mama yangu ana duka Singida,
na juu ya kaunta, kwa chaki:
mali bila daftari huisha bila habari.
Mama huandika hata chumvi anayoitoa bure.
Sikuwahi kumuuliza
kama na taka huisha hivyo, bila habari,
au ndizo zisizoisha.

Nikafungua mfuko ule wa mwisho.
Robo, karibu yote, ilikuwa beji zetu.
Tuliagiza mia tatu, zikachukuliwa sitini.
Za plastiki, kijani, zimeandikwa Dunia ni Moja,
na chini yake tarehe ya leo,
ili kesho zisimfae mtu.
Siku ya kura ya beji
na mimi nilinyoosha mkono.

Nikaandika: tisa na robo.
Wino ukachuja kidogo, ila unasomeka.
Morven akasoma, akanyamaza,
akaniomba kalamu, akatia sahihi.

Tukaibeba mizani wawili,
yeye mbele, mimi nyuma, ngazi kwa ngazi.
Tulisahau kuizima.
Njia nzima ilikuwa inawaka,
inapima mvua.