Kijiko Kisicho na Kilima

Siku tatu tulikaa katika ukumbi wa parokia,
watu kumi na mmoja, mashine moja ya tansiyo,
betri zake zikiota jua dirishani ili ziamke.
Muganga Cirhuza akasema: pimaneni.
Nikamfunga Nankafu kitambaa, nikaminya mpira.
Akacheka: "Unanikaba kama mdai!"

Kisha zamu yangu.
Muganga akatazama tarakimu, akatazama uso wangu,
akaomba nirudiwe.
Mia moja sabini na nane.
Mimi, nipandaye mlima na debe la maji bila kutua.
Mimi niliyekuja kujifunza magonjwa ya wengine.

"Unafanya kazi gani, mama?"
Nauza chumvi, nikasema, soko la Mugogo.
Chumvi na makayabo.
Ukumbi mzima ukacheka. Hata mimi.

Ugonjwa huu haubishi hodi, alitufundisha,
hauna homa, hauna kikohozi,
hukaa ndani kama mpangaji bubu;
siku utakayomsikia, ameshabomoa ukuta.
Hapo nikaacha kuandika.
Nilimwona baba alivyoanguka katikati ya maharagwe,
nusu ya uso imelala, nusu inatuangalia.
Tulisema amelogwa.
Tulimfukuza shangazi Nabintu na watoto wake,
usiku, mvua ya Novemba.
Mimi ndiye niliyetupa mkeka wake nje.

Sasa kila Jumanne napita nyumba kwa nyumba,
kizibao cha bluu, daftari, kalamu kwenye uzi.
Wananiuliza: unatukataza unachotuuzia?
Ndiyo, nawajibu. Ndiyo.
Sokoni nasawazisha kijiko kwa kidole.
"Mbona kimepoteza kilima?" analalamika Mzee Byamungu.
Nampunguzia bei.
Binti yangu anaihesabu hasara kwa sauti, nisikie.

Nyumba ya mwisho, ng'ambo ya mashamba ya chai,
ni ya Nabintu.
Mara mbili nimefika kwenye ua wa mianzi, nikageuka,
nikaandika daftarini: hakuwepo.

Leo mbwa hakubweka.
Alitoka mwenyewe, akakalia kigoda,
akakunja blauzi mpaka juu ya kiwiko,
akaninyooshea mkono pasipo neno.
Mkono mwembamba, una kovu nisilolijua.
Nikafunga kitambaa. Nikaminya taratibu, taratibu.
Tukasikiliza, wawili,
pumzi ikitoka.