Mishono ya Kimulimuli

Watu huanza na sura, au na misuli.
Mimi ni fundi cherehani, Isevya, jirani na mashine ya kukoboa.
Naanza na mshono.

Wa kwanza alishuka na treni ya bara,
makopo mawili ya mkanda juu ya magunia ya sukari.
Wakamwangaza kwenye ukuta wa klabu ya Reli,
na ukuta ulikuwa na ufa,
na ufa ulimpasua shavu kila aliposogea kushoto.
Alikuwa na kitambi. Nasema kweli.
Kaptura juu ya suruali, na pale kifuani
ilipotakiwa kuwaka nuru ya Kimulimuli
niliona waya ukishuka hadi kiunoni
kama wa redio ya mbao.
Joho lake pindo la mkono, tena halikunyooka.
Akipigwa ngumi, anacheka kwanza.
Baba yangu, mpiga deki wa mabehewa, akasema,
"Huyu angenifaa kuwa shemeji."

Wa pili tulimlipia mlangoni kwa Igembe, kule Ng'ambo,
jenereta ikinguruma nyuma ya turubai.
Nailoni ya kung'aa, imembana hadi shingo haigeuki;
akitaka kutazama kando anageuka mwili mzima
kama mtu aliyelalia mto wa mawe.
Mateke, mateke, mateke.
Lakini Igembe alishika kipaza sauti akatutafsiria,
na Igembe Kiingereza hakukijua.
Kwa kinywa chake Kimulimuli aliamkia majambazi "Mwangaluka!"
akadaiwa kodi ya chumba miezi mitatu,
akaapa hatamwokoa meya mpaka apikiwe ugali kwa mlenda.
Miaka baadaye nikasikia maneno halisi.
Yamepooza.

Wa tatu, giza.
Tulidhani televisheni imeharibika, tukaipiga kofi ubavuni.
Mvua inanyesha ndani na nje,
naye amenuna tangu mwanzo hadi majina ya wapishi wa waigizaji.
Vijana wakaguna, wakadai nusu ya kiingilio.
Mimi nilirudi kesho yake, na kesho kutwa.
Mwaka ule nilikuwa nimetoka Kitete bila Kalunde,
nimebeba kanga zake ndani ya mfuko wa plastiki.
Begani mwa yule Kimulimuli palikuwa pamechanika,
pakashonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine, haraka,
mishono mirefu ya mtu anayeshona peke yake usiku.
Aliyeshona pale alijua.
Sijui alijua nini. Alijua.

Wa nne anakaa kwenye simu ya binti yangu, Nyamizi.
Nguo inamwota mwilini kama ukungu juu ya mkate,
inafunika vidole, kidevu, inajifunga yenyewe.
Nimesimamisha picha. Nimeikuza kwa vidole viwili.
Nimetafuta pindo, nimetafuta kifungo, nimetafuta hata jasho.
"Baba, hiyo ni kompyuta."
"Kompyuta inatumia sindano namba ngapi?"
Akacheka hadi akakaa chini.
Anasema huyu ndiye wa kweli, maana anaruka na huoni kamba;
yule wangu wa ukutani alikuwa muongo wa mchana kweupe.
Ni kweli, kamba nilikuwa naiona.
Nilikuwa naona pia inavyomkata kwapani,
na bado anaruka.

Jumamosi amekuja mama Masele na mwanawe,
mita mbili za satini ya kijani, mahafali ya chekechea.
"Mshonee Kimulimuli."
Nikamuuliza mtoto, "Kimulimuli yupi?"
Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua lipi.
"Kwani wako wangapi?"

Nikashika futi, nikampima kifua.
Inchi ishirini na moja, pamoja na pumzi.
Ndipo nikakumbuka: wote wanne,
hakuna hata mmoja aliyekuwa na mfuko.
Nikamtilia mmoja, kwa ndani, upande wa kushoto,
saizi ya tochi ndogo.

Mama yake amelipa nusu.
Nusu nyingine, tumbaku ikiuzwa.