Ufa Usiozibwa

Nimerudi na baridi ya miezi sita mifupani,
cheti cha uchimbaji wa mvuke, soksi za sufu,
na mama, akimenya viazi hapa Kiamunyi,
hataki cheti. Anataka nchi.
"Ikoje?"

Ni kisiwa, mama, cheusi kama kitako cha chungu,
mawe yaliyomwagika yakiwaka
yakagandia njiani kabla ya kufika.
Miti haitoshi kumfunika mbuzi kivuli.
Theluji ya kale imelalia volkano
kama kuku aatamiaye mayai asiyoyataga.
Juni jua linakataa kwenda kulala.
Desemba linachungulia saa tano asubuhi,
likiona hakuna aliyeliandalia chai, linarudi.

"Na watu?"
Hawafiki laki nne.
"Si ni Nakuru hii tu!"
Nakuru hii, mama, na nyumba nyingi
zingebaki na kibao cha kupangisha.
Jina la ukoo wengi hawana. Mwalimu wangu
ni Ragnheidur, binti wa Steinn, basi.
Hata waziri mkuu huitwa kwa jina lake la kwanza
kama jirani aliyekuja kukopa chumvi.
Mama anacheka. "Muringo wa Gathirwa," ananiita,
jina ambalo kitambulisho kililikata mkia.

Samaki wanaanikwa na upepo mpaka wawe mbao,
kisha wanapakwa siagi.
"Siagi?" Kisu kinasimama.
Siagi.
Tunanyamaza kidogo kwa heshima ya samaki.

"Jeshi lao?"
Hawana.
"Serikali inalindwa na nani?"
Sikuuliza, mama. Labda baridi.

Jumapili moja nilipanda basi hadi Thingvellir.
Nilishuka nikasimama, miguu ikakataa,
maana nilikuwa nyumbani:
kuta mbili za mwamba zikitazamana
kama wanandoa waliokwisha kugawana vyombo,
ardhi ikiachana kwa upana wa kidole kila mwaka.
Bonde la Ufa, mama. Dogo. Limevaa koti.

*Usipoziba ufa utajenga ukuta,*
ulinifundisha, na mkanda mkononi.
Wale hawakuuziba.
Waliketi ndani yake wakaufanya bunge.
Miaka elfu na zaidi iliyopita walikuja kwa farasi,
na mtu mmoja juu ya jabali
aliisema sheria kwa kichwa,
theluthi mwaka huu, theluthi mwaka ujao,
wote wakisikiliza kama ataruka neno.
Na bwawa lipo hapo hapo, walimozamisha wanawake.
Sikudanganyi kwamba ni peponi.

Lakini Januari moja, mama,
benki zao zilipoanguka na akiba za watu,
walikwenda mbele ya bunge, kwenye theluji,
wakapiga sufuria.
Sufuria na miiko. Mchana na usiku.
Mpaka serikali ikaondoka.

"Wakachoma nini?"
Moto wa kuota tu. Mti wa Krismasi, walisema.
"Nyumba?"
Hapana.
"Nyumba ya mtu?"
Hapana, mama.

Anaosha viazi maji mawili, matatu.
Januari yao ilikuwa mwaka mmoja baada ya yetu.
Hiyo yetu haitaji, nami siitaji.
Ila sufuria iliyo jikoni
ndiyo iliyotoka Molo kichwani mwake, usiku,
ikiwa na vitabu vyangu, kuku mmoja hai,
na ufunguo wa mlango
ambao kufikia asubuhi haukuwapo.

Kesho saa kumi na moja gari la kazi litanichukua
hadi sakafu ya Menengai. Kisima kipya kimeanza kukoroma.
Huko hatuzibi kitu: tunatoboa,
tunaiuliza ardhi hasira yake inaweza kuwasha taa ngapi.

Mama ameinamisha sufuria, amechukua mwiko,
ameipiga mara moja.
Anasikiliza.
"Yangu ina kiraka," anasema. "Hailii vizuri."

Anapiga tena.