Ritifaa

Niliiandika mwezi wa tatu, Sinza, ghorofa ya pili,
chini yetu fundi friji akigonga mabati.
Mistari tisa. Unaipa jina la mtu,
inakurudishia kweli au si kweli,
basi, haina la kuongeza.
Nikajisifu: fupi, safi, haina porojo.

Juma lililopita mvua ilinikimbiza
ndani ya stesheneri moja Tandika,
nikaikuta fomu yangu wazi
kwenye kompyuta yenye kioo kilichopasuka pembeni.
Bi Ng'washi Lubinza, mfuko wa dagaa magotini,
anamwandikisha mjukuu kliniki ya macho.
Sharifu wa pale akachapa, akabonyeza.
TAARIFA SI SAHIHI.
Labda tarehe? Wakabadili tarehe.
TAARIFA SI SAHIHI.
Simu, basi. Wakaanza na sifuri,
wakaanza na mbili tano tano.
Kila jaribio shilingi mia tano.
Mara ya nne mama akauliza, wala si kwa hasira,
"Kwani mimi siyo mimi?"

Sikusema kitu. Nilitazama mvua.
Sababu ilikaa mstari wa saba,
methodi iliijua, ikaimeza,
kama bawabu anayetikisa kichwa getini
na barua ya maelezo imo mfukoni mwake.

Usiku nikaifungua.
Isirudishe tena "si kweli" tupu;
irudishe sentensi, mtu ajue pa kushika.
"Juni ina siku thelathini; umeandika 31."
"Namba ya simu imepungua tarakimu moja."
Zikaja kirahisi, kama kumwelekeza mgeni:
pita duka la mkaa, kata kushoto, uliza.
Nikafika mstari wa saba.
"Jina lako lisiwe na ritifaa."
Nikafuta.
"Tafadhali ondoa alama iliyomo katika jina lako."
Nikafuta.
"Samahani mama, hiyo ng' yako"

Kishale kikapepesa.
Hapakuwa na namna ya kuisema kwa adabu,
maana haikuwa na haki.
"Si kweli" ilinifichia hilo miezi yote:
haikuwahi kulazimika kujieleza.

Nikaufuta mstari wenyewe.
Nikajaribu kwa mkono: N, g, ritifaa, w.
Kweli.

Asubuhi nikarudi Tandika na elfu mbili yake.
"Aa, yule? Alishapata," Sharifu akacheka.
"Mara ya tano tulitoa kale kadudu ka juu na ile g."

Yumo kwenye seva mpaka sasa, mlezi wa mtoto:
Nwashi.
Imehakikiwa.