Dalili Tano

Somalatha hupiga pasi, mimi hufua.
Duka letu la dobi liko Ruwi, nyuma ya wauza dhahabu,
na Juni ikiingia hata ukuta hutoka jasho.
Kiarabu chetu ni cha kuokoteza,
lakini neno kubwa halikosi pa kupenya.

Nilimwambia: kwetu mbingu ni saba,
nilizihesabu chuoni Pangani nikiwa na meno ya utoto.
Akacheka mpaka pasi ikaacha alama.
Kwao ni ishirini na sita, zimepandana kama mashuka kabatini,
na wakazi wa zile za juu kabisa hawana mwili.
Hawana kwapa?
Hawana.
Hawana shingo ya kuchafua kola?
Basi huko, nikasema, mimi na wewe tutakufa njaa.

Aipendayo ni ile ya miungu thelathini na watatu.
Siku moja huko ni miaka mia ya huku.
Alipiga hesabu nyuma ya risiti:
mkataba wake wa miaka miwili
ni nusu saa isiyotimia.
Mungu fulani ameketi na kinywaji chake,
hajafika nusu ya kikombe,
na binti yake Somalatha kule Kurunegala
ameshajua kutambaa, kutembea,
na kumwita shangazi mama.

Lakini miungu nao hufa. Hilo sikulijua.
Hakuna homa, hakuna jeneza. Huja dalili:
maua ya shingoni hunyauka,
nguo isiyojua uchafu hushika taka,
kwapa hulowa,
nuru humtoka mwilini,
na kiti alichokipenda humchoma.

Tukatazamana.
Sote wawili tulimwaza Bwana Ghalib wa Qurum.

Tangu nifike, dereva wake huleta kanzu
nyeupe kabla ya kufuliwa,
vishada vya shingoni vikinuka udi
mpaka naona haya kuvitia sabuni.
Mwezi wa Rajabu udi ulipotea.
Shaabani, kola ikafunga utepe wa kahawia.
Kisha makwapa: ramani mbili za chumvi,
kwa mtu atokaye baridi ya nyumba akaingia baridi ya gari!
Dereva alisema bwana hakai, anahama kiti hadi kiti.
Idi imepita. Kanzu kumi na moja ziko rafuni,
tiketi nambari mia nne kumi na saba,
na simu inaita tu.
Wengine wanasema benki. Wengine, ini.

Mungu akianguka, akasema Somalatha,
wenzake humwombea: nenda mahali pema.
Nikashtuka. Sisi nasi husema hivyo,
mahali pema peponi,
lakini huyu peponi ndiko anakotoka.
Pema wapi tena?
Akaelekeza pasi sakafuni.
Huku. Azaliwe mtu.

Nikatazama huku.
Ndoo, mpira wa maji, kalenda ya mwaka jana,
vidole vyangu vilivyochujuka kwa dawa ya madoa.
Nje mtoto wa Kibaluchi alikuwa akilamba barafu
iliyoyeyuka mbio kuliko ulimi wake,
na alikuwa anaicheka.
Sikuitikia. Dini yangu naijua.

Ijumaa hii amezishusha zile kanzu kumi na moja,
akazinyunyizia maji, akaanza kuzipiga pasi upya.
Nani atalipa? nikamuuliza.
Hakujibu.
Nikashika pindo la upande wa pili, tukakunja.